Mkwe Anayenikimbia

Panda, Likasi
Jumatatu, 9 Februari 2026

Mwanangu Clotilde,

Kalamu hii nimeitafuta nusu siku, nikaikuta ndani ya kiatu cha marehemu baba yako. Usiniulize ilifikaje humo. Simu zimekufa tangu Alhamisi, mnara hauna umeme, na jirani yangu Deborah kila asubuhi anapanda juu ya pipa na simu mkononi, anashuka akinuna. Kwa hiyo nimempa barua Adolphe, yule muuza makala, mwenye magunia ya mkaa. Magari hayapiti tena kuja huko Kapolowe, daraja limekwenda na maji, lakini yeye baiskeli yake anaivusha begani. Mpe chakula akifika.

Mvua, mwanangu, hii si ile tunayoijua. Wazee waliofanya kazi na baba yako kwenye karakana ya shaba wanasema tangu wazaliwe hawajaona ya namna hii. Kile kijito nyuma ya nyumba, ulichokuwa unakiruka ukienda shule, kimebeba choo cha Mama Germaine, mlango na yote. Cheka kidogo, hakukuwa na mtu ndani.

Mimi mzima. Maji yamefika kizingitini tu, yanachungulia. Goti linasumbua kama kawaida yake. Nyumba ya baba yako imesimama miaka arobaini, haitaanza kuyumba leo. Usiwaache akina mama wanaojifungua huko kwa ajili yangu. Michée ameota jino la pili?

Mume wako nilimwona sokoni kabla mvua haijazidi. Au niseme niliona kisigino chake. Aliponiona akaingia duka la misumari, akatokea mlango wa nyuma. Najua, ni heshima. Sisi wa Kasai tumekua hivyo, mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Lakini wakwe wa wenzangu husimama mbali, wakainamisha kichwa, wakasalimia. Wangu anatoka mbio. Mwaka wa nane sasa.

Mama yako anayekupenda,
Hortense


Kapolowe, misheni
Jumatano, 11 Februari

Mama yangu mpendwa,

Barua yako ilifika na alama za vidole vya makala kila kona. Nilimpa Adolphe bukari na mboga ya sombe, nikamwuliza kama kweli u mzima. Akakuna kichwa, akatafuna, akasema: "Mama Michée, minye siwezi kukudanganya. Mama yako iko anakaa juu ya meza. Mayi iko mu nyumba, inafika hapa." Akanionyesha chini ya goti lake.

Mama, kumbe maji yanachungulia mpaka magotini!

Hapa nako tunahangaika. Tangu Jumapili wajawazito wanne wameletwa kwa mtumbwi, mmoja amejifungua mtumbwini kabla sijamfikia, mtoto wa kiume, ana sauti kubwa. Bruda wa misheni anapima mvua kila asubuhi kwa chupa yenye mistari. Jumapili chupa ilijaa ikamwagika. Ameandika kwenye daftari lake kwamba haijapata kutokea tangu daftari lianze, na lilianza kabla mimi sijazaliwa. Siwezi kuwaacha watu hawa, na hata ningeweza, na Michée mgongoni nisingevuka pale daraja lilipokuwa.

Basi nakuomba kitu kimoja. Nenda nyumbani kwetu mlimani. Pale hapafiki maji hata tone. Ule ukuta wako wa nyuma ni matofali ya zamani, kijito kinakula udongo chini yake usiku na mchana, na kitanda chako kimeegemea ukuta huohuo. Ukuta ukianguka nitapata habari baada ya siku mbili, kutoka kwa muuza makala. Mama, naogopa. Tafadhali usinijibu kwa utani.

Mwanao,
Clotilde


Panda
Ijumaa, 13 Februari

Clotilde wangu,

Adolphe atanunua makala yake mwenyewe sasa, mimi sinunui tena kwake. Ndiyo, niko mezani. Meza ya baba yako ni nzito, haiendi popote. Nina godoro langu juu yake, nina jiko, nina Biblia na mkungu wa ndizi. Ukuta bado umesimama. Una ufa, lakini hata mimi nina nyufa na bado natembea.

Kwenda kwako siwezi, na unajua sababu. Nitalalaje chini ya paa la mkwe wangu? Nitumie choo kimoja naye, nioge kwenye beseni lake, nipite karibu na kitanda anacholalia? Bibi yako alikufa bila kujua rangi ya macho ya baba yako, na aliishi mtaa mmoja nasi. Nikiona kitanda cha mkwe nitawaambia nini wenzangu wa Kasai, kwamba maji yalinisukuma? Wataniuliza kama maji yalinivua na aibu. Siendi.

Sasa kuna jambo jingine, nami nimelizungusha mdomoni tangu jana kama mfupa wa samaki. Deborah alikuja huku amekunja sketi, akasimama mlangoni ndani ya maji, akasema: "Mama Hortense, bwana ya Clotilde alitosha matela mu nyumba. Kitanda pia, na nguo yake yote. Alipakia ku pousse-pousse, akaenda." Alitaka kuendelea, nikamkataza. Nilimwambia funga mdomo, sitaki kujua godoro limekwenda kwa nani. Akaondoka na uso wa kushangaa.

Mwanangu, mwanamume anayehamisha godoro mke akiwa mbali halihamishii kanisani. Nimelia. Kisha nikawaza kwamba huenda kosa ni langu. Huenda mtu huyu ananichukia tangu siku ya kwanza, ndiyo maana ananikimbia kupita mila inavyotaka, na chuki ya mama imemfikia binti. Kama nilimkosea sijui lini. Sijawahi kumwambia neno hata moja.

Mwandikie. Wewe ndiye mwenye haki ya kumwuliza.

Mama


Kapolowe
Jumapili, 15 Februari

Séraphin,

Leo sikuiti Baba Michée. Jina hilo utalipata ukinijibu vizuri.

Godoro letu liko wapi? Kitanda kiko wapi? Nguo zako ziko kwa nani? Mama yangu anakaa juu ya meza kama sufuria, mtaa mzima wa Panda unaogelea, mimi hapa nazalisha watoto wa watu kwa mwanga wa simu isiyo na network, na wewe unapakia godoro kwenye mkokoteni mchana kweupe, Deborah akikutazama!

Godoro lile tulilinunua pamoja Lubumbashi, tukarudi nalo juu ya lori, mimi nimelikalia ili upepo usilichukue. Kama kuna mwanamke analilalia, mwambie upande wa kushoto una shimo.

Na mama yangu amekukosea nini? Miaka yote unamkimbia kama mtu aliyekuibia. Nimenyamaza kwa sababu nilikuheshimu. Leo nauliza.

Clotilde


Likasi, depo
Jumatatu, 16 Februari

Mama Michée wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikairudia nimekaa, kisha nikampa Adolphe maji ya kunywa maana naye alikuwa ananitazama kwa huruma.

Godoro liko hapa depo, juu ya magunia ya mawe ya shaba niliyonunua kwa wachimbaji mwezi uliopita. Ninayelilalia ni mimi, na mgongo wangu unajua kila jiwe. Upande wa kushoto una shimo, kweli.

Nikueleze. Siku ya harusi yetu mjomba wako Évariste alinivuta nyuma ya kreti za bia, akanishika kola, akasema: "Mukwe, sikiya muzuri. Mama ya muke yako, usimwangalie. Usimusemeshe. Usilale naye mu nyumba moja. Na kitanda yako, asiione hata siku moja." Halafu wakamwita kwenye picha, na hatukuongea tena. Wewe unajua kwetu sisi, mama Mubemba, baba Musanga, jirani wa kila kabila, mambo haya hatuyajui kwa kina. Basi niliyoambiwa nikayashika kwa mikono miwili. Nilisema moyoni, hawa watu wa Kasai wamenipa binti yao, sitakuwa mimi wa kuwaaibisha. Nikimwona sokoni naingia duka lolote. Siku moja niliingia saluni ya wanawake, wakanisuka nusu kichwa kabla hajapita.

Mvua ilipozidi nikajua hatakuja nyumbani nikiwa humo. Kwa hiyo nilijiondoa. Nilitoa kitanda, godoro, nguo, wembe, mswaki. Ile picha yetu ya harusi ukutani niliigeuza, kwa kuwa nami nimo. Nikachimba choo kipya nyuma, kwenye mvua hiyohiyo, ili asitumie kile nilichotumia. Nikafagia, nikampa Deborah ufunguo, nikamwomba aende amwambie Mama kwamba nyumba ni yake, mimi simo wala kitu changu hakimo.

Deborah akarudi na ufunguo. Akasema: "Anakatala. Hakuniacha hata nimalize."

Sasa naelewa alichofikiri. Nimeona aibu, kisha nimecheka, kisha nikaona aibu tena. Kumwendea mwenyewe siruhusiwi. Kila siku nasimama kwenye kona ya kinu cha unga, natazama mlango wake mpaka nione beseni linamwaga maji nje, ndipo nakwenda kazini. Leo beseni lilichelewa sana. Niambie nifanye nini, nami nitafanya. Simchukii, Clotilde. Sijui hata nianzie wapi kumchukia mtu ambaye sijapata kumtazama.

Baba Michée, kama bado nimeruhusiwa,
Séraphin


Kapolowe
Jumatano, 18 Februari

Baba Michée, Baba Michée, Baba Michée,

Umelipata jina mara tatu. Nisamehe. Nimecheka hadi Michée akaamka, kisha nikalia hadi akalala.

Sikiliza sasa, kwa sababu mjomba Évariste alikuambia nusu. Nusu ya pili ni hii: baada ya harusi, mkwe anatuma mbuzi kwa mama mkwe kupitia kwa wazee. Mbuzi akipokelewa, hofu imekatwa. Hamtakula sahani moja, hamtataniana, lakini utamsalimia, utaongea naye, akiugua utambeba. Mjomba ndiye aliyepaswa kukuambia, naye tulimzika mwaka uleule.

Mimi nilidhani unajua. Nilidhani unaona mbuzi ni mambo ya kizamani, wewe na kanisa lenu la maombi, nami nikaona haya kumwomba mume wangu mbuzi. Mama naye hawezi kusema, mama mkwe haombi mbuzi wake hata akifa. Na wewe ulikuwa unasukwa nywele saluni. Watu watatu tunaopendana, na hakuna aliyefungua mdomo.

Achana na mbuzi kwa leo, mbuzi wenyewe wamebebwa na mto. Usingoje mtu yeyote. Ingia kwa Mama, mtazame usoni, mwambie Clotilde amekutuma. Akikataa mbebe. Nimeweka humu karatasi nyingine kwa ajili yake, nimemweleza yote. Mpe mkononi mwako mwenyewe.

Fanya haraka. Hapa imeanza kunyesha tena, na wingu linaelekea kwenu.

Mkeo,
Clotilde


Likasi, depo
Ijumaa, 20 Februari

Mama Michée,

Mama yako yuko hai. Naandika hilo kwanza ili usome mengine umetulia.

Jana asubuhi, saa nne, ukuta wa nyuma ulianguka. Nilikuwa kwenye kona ya kinu. Beseni lilikuwa halijatoka. Nilisikia kishindo, na watu wa kinu wakasikia, tukakimbia wote, lakini mlango ulikuwa karibu nami zaidi. Nimemtoa. Paa limeshuka tukiwa bado hatujafika barabarani. Sasa yuko nyumbani kwetu mlimani, amejifunga kitenge chako cha bluu, na Deborah anasema amekwisha kulalamika kwamba jikoni kwako hakuna chumvi. Goti limevimba. Hana jeraha jingine.

Nyumba haipo tena. Umebaki ukuta wa mbele na mlango wake. Meza tumeiona imekwama kwenye mti, mbali kule chini.

Barua yako Adolphe ameileta leo, siku moja baada. Kwa hiyo jana nilipoingia nilikuwa bado na nusu ya mjomba Évariste peke yake. Nilivyoingia usiniulize mimi, mwulize yeye, kama atakubali kusema. Najua tu kwamba nilimgusa mama mkwe wangu kabla ya mbuzi, na sijui kama nimemwokoa au nimemdhalilisha. Karatasi yake nimempa Deborah ampelekee. Uliniambia nimpe kwa mkono wangu. Nilifika mpaka mlangoni nikarudi. Nisamehe, miguu imezoea.

Séraphin


Likasi, nyumbani kwako
Jumamosi, 21 Februari

Mwanangu Séraphin,

Sijawahi kuliandika jina lako. Nimeliandika taratibu ili nisikosee.

Karatasi ya Clotilde nimeisoma. Évariste alikuwa kaka yangu, nilimpenda, na Mungu amweke pema, lakini ni kweli akiona mpiga picha alikuwa anasahau hata jina lake. Kumbe ndiye aliyetufanyia hivi. Mimi nilidhani unanichukia, na nimekaa na wazo hilo miaka minane, nikilipika peke yangu. Siku Deborah aliponiletea ufunguo nilimfunga mdomo kwa kiburi. Kiburi kile nusura kiniue. Naomba msamaha wako, na ninauomba waziwazi.

Clotilde ataniuliza uliingiaje. Nitamwandikia, lakini nataka wewe usome kwanza, maana mwenyewe hukujiona.

Ukuta ulipoanguka maji yaliingia yote kwa pamoja, meza ikaanza kuelea nami juu yake. Nilisema, Placide, mume wangu, nakuja, nitengee nafasi. Mara mlango ukafunguka nikaona kisogo cha mtu. Mtu anaingia kinyumenyume, maji kiunoni, gunia limevutwa kichwani mpaka machoni, mikono nyuma inapapasa. Ukagonga kabati. Ukaliambia kabati: "Pardon, Mama." Mwanangu, mauti yalikuwa chumbani na mimi nilicheka. Halafu ukasema: "Mama, minye siangalie. Panda." Nikapanda mgongoni.

Ulikuwa unatetemeka njia nzima. Mwanzoni nilidhani ni baridi, kisha nikaelewa kwamba unaniogopa mimi. Nyumba inaanguka nyuma yetu, mto unapita na mabati ya watu, na wewe unamwogopa mwanamke mzee mwenye goti bovu. Tulipofika kwenye kinu ukauliza: "Mama, minye nakuumiza?" Sikukujibu. Niliingoja sauti yako miaka yote hiyo, na ilipokuja nikang'ata ulimi kwa ajili ya mila. Nakujibu sasa. Hapana, mwanangu. Hukuniumiza hata kidogo.

Nyumba ninaililia. Kila dirisha Placide alilileta kwa baiskeli, moja moja, kila mwisho wa mwezi. Nitalia tena kesho na keshokutwa, usinikataze na usimwache Clotilde anikataze.

Ile picha yenu ya ukutani niliigeuza. Siku ya harusi nilitazama viatu vyako tu, basi jana nimekutazama uso mzima, peke yangu, mlango nimeufunga. Una masikio makubwa. Sasa najua Michée ameyatoa wapi, nilikuwa nawalaumu watu wa upande wetu bure.

Choo ulichochimba ni kizuri sana. Ni maneno ambayo mama mkwe hapaswi kumwambia mkwe wake, lakini nani mwingine atakuambia?

Mbuzi usilete. Mtu akikuuliza, mwambie Hortense amekwisha kupokea. Nitawaeleza wazee mwenyewe, na atakayebisha nitampeleka akaone pale nyumba yangu ilipokuwa.

Kesho ni Jumapili. Ukitoka kwenye maombi yenu, uje. Nitaweka viti viwili uani, vimepeana migongo, kwa sababu macho yangu bado yana haya na yako nadhani yana haya zaidi. Wewe utatazama barabara, mimi nitatazama ukuta. Utaniambia habari za mama yako, za kazi yako, na hiyo ya saluni ambayo Clotilde ameniandikia. Nami nina mengi. Tutaongea hivyo mpaka mmoja wetu ageuke. Nina miaka sitini na minane, Séraphin. Usichelewe.

Mama yako,
Hortense